Mwezi wa Kumi na Tatu

"Kiti chako ni safu ya nne, cha pembeni," Elemér aliniambia. "Ukitaka kukimbia utakimbia. Lakini kwanza ukae."

Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu ya keki, katika ua wa sinagogi, amevaa shati jeupe lililomkaba shingo. Mimi nilikuwa nakata flódni. Keki ile ina matabaka manne, na ukiikata kwa hasira tabaka la juu linateleza. Jioni ile yaliteleza mengi.

"Nimeshakwambia siwezi."

"Mara nne."

"Basi hii ni ya tano. Zimebaki siku tisa, Elemér. Siku tisa mwaka wa baba uishe, kisha nitakusikiliza mpaka uniombe niondoke."

"Baada ya siku tisa hakuna tamasha. Tamasha ni leo, saa kumi na mbili." Akaangalia saa yake. "Bado dakika hamsini."

Shangazi Rózsi, mwenye duka la mikate ninakofanya kazi, alipita katikati yetu na vikombe vya kahawa. "Kijana, unanunua au unamliza mfanyakazi wangu?"

"Nanunua, shangazi."

"Basi nunua huku unacheka. Wateja wakikuona hivyo watadhani keki ndiyo mbaya."

Hakucheka. Alichukua kipande kimoja kilichoharibika, akabaki amekishika.

"Yule bwana wa Rotterdam amekuja," alisema kwa sauti ya chini. "Yumo ndani, amekaa mbele kabisa. Anataka jibu nikishuka jukwaani. Ni kazi ya muziki ya miaka miwili huko kwake, Hédi."

"Unanitisha?"

"Nakupa habari. Kama ni kukutisha ningekutisha Machi, alipopiga simu mara ya kwanza. Nikamwambia angoje, kuna mtu wangu yuko msibani. Mei nikamwambia angoje. Julai nikamwambia angoje. Sasa anadhani nina mama mgonjwa."

"Ungemweleza ukweli."

"Nimweleze nini? Kwamba nampenda mwanamke ambaye mwaka mzima hajanisikia nikigusa hata uzi mmoja? Angesema huyo hakupendi. Na mimi ningekosa la kumjibu."

"Unajua nakupenda."

"Nyumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa, najua. Hapa, mbele ya watu wenu, sijui." Akaiweka keki mezani bila kuionja. "Leo nitatazama kile kiti. Kikiwa na mtu, namwambia yule bwana hapana. Kikiwa kitupu, naondoka Jumanne."

Akageuka akaenda. Kola ilikuwa imemwachia mstari mwekundu nyuma ya shingo. Nilitaka kumwita nimlegezee kifungo. Nikaendelea kukata keki.

Naandika haya yote kama yalivyokuwa, kwa sababu nikikumbuka sasa naona kama tulikuwa na wazimu sote.

Baba alikufa mwishoni mwa Agosti ya mwaka uliotangulia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi ndogo ya mtaani kwetu, hapa hapa Budapest. Aliyefiwa na mzazi, kwetu, hakai penye muziki mwaka mzima. Haendi harusini wala tamashani. Kaka yangu Ármin, kwa kuwa ni mwanamume, alikuwa na kazi ya kusema Kadishi, sala ya wafiwa, kila asubuhi kati ya wanaume kumi. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa kimya, na niliishika. Dukani nilimwomba shangazi Rózsi azime redio. Mpiga fidla akipanda tramu, nilishuka kituo kinachofuata hata kama mvua inanyesha.

Na mtu niliyempenda alikuwa mpiga simbalomu, ile meza ya nyuzi inayopigwa kwa vijiti viwili.

Baba ndiye aliyenifikisha kwake. Alitaka, kabla ya uzee kummaliza sauti, aimbe mara moja nyimbo zake za sala pamoja na simbalomu, saksafoni na ngoma, mbele ya watu, kwenye tamasha letu la utamaduni. Wazee wenzake walimwambia ni kuchanganya madawa. Yeye akasema babu yake alipooa, Waroma, kabila la Elemér, ndio waliompigia muziki, na bibi harusi hakulalamika. Kila Jumanne nilimsindikiza hadi Wilaya ya Nane, kwa sababu ya magoti yake na ngazi za ghorofa ya tatu. Wao walifanya mazoezi chumbani, mimi nikakaa jikoni. Siku moja baba alitoka mapema, akatukuta mimi na Elemér tumesogeleana kuliko inavyohitajika kumimina chai. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mimi ni mwimbaji," alisema. "Macho yangu si mazuri."

Hakusema zaidi hadi alipokufa. Aliyesema ni mama, mara moja tu, huku anapiga pasi. "Baba yako hakusimama pale miaka thelathini na moja ili umletee mkwe asiye wetu." Mama hana tabia ya kurudia neno.

Elemér alikataa kufanya tamasha lile mwaka ule baba alipokufa. Alisema atangoja. Nilipokuwa nikienda kwake, aliifunika simbalomu kwa blanketi la bluu kabla hajanifungulia mlango, na vijiti akavificha kwenye kabati la sahani. Mwaka mzima tulikula, tulizungumza, tulinyamaza, na lile blanketi liko katikati ya chumba kama mtu wa tatu.

Lakini siku za mwisho zilituvunja. Mwishoni mwa Agosti bibi yake alitimiza miaka themanini. Wajomba zake walipoinua fidla, nilisimama nikatoka, sahani yangu haijaguswa. Bibi akamwuliza, "Yule msichana wako, tumemkosea nini?" Na Jumatano, siku nne kabla ya siku ninayoieleza, Elemér alinipigia simu, hakusema kitu, akaiweka simu juu ya simbalomu. Nilisikia anavuta kiti. Nilikata kabla hajagusa uzi.

Saa kumi na mbili kasoro robo Ármin alifika, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Umemaliza? Mama amesema nikuchukue kabla hawajaanza."

"Bado keki zipo."

"Shangazi Rózsi ana mikono." Akanikazia macho. "Nimemwona huyo mtu wako kule ndani, anafunga nyuzi."

"Anakaza."

"Anafunga, anakaza, mimi sijui. Hédi, usinitie aibu siku za mwisho. Nimeamka saa kumi na moja na nusu kila siku kwa ajili ya baba. Theluji, nimekwenda. Homa, nimekwenda. Rafiki yangu alipooa nilisimama nje ya ukumbi kama mlinzi. Nimeimaliza Kadishi yangu mwezi uliopita, sikukosa hata asubuhi moja. Wewe umeambiwa tu usisikilize."

"Na sijasikiliza."

"Basi maliza ulichoanza. Siku tisa hazijawahi kumwua mtu."

Nilikusanya masinia matupu, yeye akachukua mawili, tukaelekea getini. Njia ilipita mbele ya mlango mkubwa wa sinagogi. Hapo alikaa mzee Mór, mtunzaji wa sinagogi yetu, aliyeazimwa na watu wa tamasha kwa siku ile. Alikuwa na kikapu cha kofia ndogo za karatasi kwa wanaume waliokuja bila zao.

"Hédi, binti," aliniita. "Ingia upesi, wanafunga mlango."

"Siingii, mzee. Bado niko kwenye mwaka."

"Mwaka wa nani?"

"Wa baba."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Mwaka wa baba yako ulikwisha."

"Haujaisha," Ármin alidakia. "Kumbukumbu ya kifo chake ni tarehe kumi na saba mwezi huu, mzee Mór. Karatasi uliyotupa wewe mwenyewe iko kwenye friji."

"Kumbukumbu, ndiyo, ni tarehe kumi na saba. Maombolezo ni jambo jingine. Maombolezo ni miezi kumi na miwili, basi. Mmesahau mwaka huu kalenda yetu ilikuwa na miezi kumi na mitatu? Mwezi wa Adari ulikuja mara mbili, mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa ziada unaisogeza kumbukumbu mbele, lakini mfiwa haongezewi hata siku." Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Agosti kumi na saba, Jumamosi. Siku hiyo mliachiliwa."

Nilisikia masinia ya Ármin yakigongana. Uso wake ulikuwa unahesabu.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Mimi Kadishi niliihesabu kwa kurudi nyuma kutoka kwenye kumbukumbu. Niliacha mwezi mmoja kamili, nikakoma Agosti. Na Kadishi ni miezi kumi na moja."

Mzee Mór alianza kupanga kofia zake.

"Nimesema miezi kumi na miwili," Ármin alisema.

Kwetu kila mtoto anajua maana yake. Wazee walifundisha kwamba hukumu ya mtu mwovu hudumu miezi kumi na miwili. Ndiyo maana mtoto huacha Kadishi mwezi mmoja kabla, asije akatangaza mbele ya watu kwamba mzazi wake alihitaji yote.

"Nimemwombea baba kama jambazi," Ármin alisema. "Mbele ya watu wote. Mwezi mzima."

"Jambazi mdogo," alisema mzee Mór.

"Ulijua!"

"Nilijua tangu Julai."

"Na ukanyamaza?"

"Asubuhi ile miezi kumi na moja ilipotimia, nilikuja na maneno mdomoni kabisa. Wewe ukaingia, ukatundika koti, ukasimama mahali pa baba yako. Nikajiuliza, nikimwambia huyu yamekwisha, kesho ataamka aende wapi? Nikayameza. Tena bila wewe tulikuwa tisa, na sala inataka kumi. Nisikufiche na hilo. Baba yako huko aliko wanamfahamu, Ármin. Hawatamweka vibaya kwa mwezi mmoja wa mtoto aliyemkumbuka mno."

Ármin alikaa kwenye ngazi, masinia magotini. Mabega yalimtikisika. Sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Nilimwekea mkono kichwani, kama nilivyomwekea siku ya maziko.

Lakini mawazo yangu hayakuwa kwake. Yalikuwa yamerudi kwenye meza ya yule bibi wa miaka themanini. Siku ile nilikuwa huru. Jumatano nilipokata simu nilikuwa huru. Nilingoja furaha ije. Haikuja. Kilichonijia ni hofu, na hapo ndipo nilipojijua. Mwaka ule wote, mama akimtaja Elemér, au Ármin, au majirani, nilikuwa na jibu moja tayari: niache, niko msibani. Hakuna aliyethubutu kuendelea. Nilikuwa nimejificha nyuma ya baba, naye hakuwepo kunikatalia.

Ndani ya jengo uzi mmoja uliguswa. Mmoja tu, wa kujaribia.

"Nishikie," nikamwambia Ármin, nikamwekea masinia yangu juu ya yake.

"Hédi. Mama atasema nini?"

"Sijui."

"Usiende." Hakusema kwa ukali. Alisema kama tulipokuwa wadogo, umeme ukikatika.

"Njoo tuingie wote."

"Siwezi."

"Basi nishikie masinia."

Mzee Mór alinisukumia mlango kwa mguu.

Nilichelewa. Elemér alikuwa ameshakitazama kiti. Nilijua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa, ameziba uso kwa nywele, vijiti vimesimama hewani. Nilitembea kwa kunyata kando ya ukuta, nikakaa safu ya nne, na wakati huo huo akaanza. Hakuniona.

Nilidhani namjua mtu yule. Nilijua anavyokunja soksi, anavyokoroma, anavyopenda chumvi. Nilipomsikia nikaona kuna nusu yake ambayo mwaka mzima ilikuwa ikiishi bila mimi, na ilikuwa imezeeka. Zamani alipiga kwa mbwembwe, akitaka asifiwe. Sasa aliziacha nyuzi zilie hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Mwimbishaji wa sinagogi nyingine aliimba sehemu ya kwanza, saksafoni ikamfuata chini chini, ngoma ikaingia kwa brashi, na watu walioijua sala ile tangu utotoni wakaanza kugeukiana, hawajui wakasirike au waimbe. Mwanamke wa mbele yangu aliimba.

Kisha ikafika sehemu ya baba. Niliijua, niliisikia kupitia ukuta wa jikoni Jumanne nyingi. Wote wakanyamaza. Mwimbishaji akakaa. Hakuna aliyeimba, na hakuna aliyepiga isipokuwa brashi ya mpiga ngoma iliyohesabu muda. Elemér alikuwa ameiacha sehemu yote tupu. Watu walikohoa, wakadhani kuna kilichoharibika. Mimi niliisikia yote kichwani, neno kwa neno, hata mahali ambapo baba alikuwa akivuta pumzi vibaya na kujilaumu. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Katika kuhesabu, Elemér aliinua macho.

Alitakiwa kuingia tena kwenye pigo la kwanza. Hakuingia. Wala la pili. Vijiti vilikuwa mkononi, yeye akinitazama, mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mpiga saksafoni alimkodolea macho, akairudia sehemu yake mara mbili kumngojea. Wasikilizaji walidhani imepangwa hivyo. Walipiga makofi sana.

Alinikuta nje, chini ya taa za ua, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Na zile siku tisa?"

"Hazikuwepo. Tulikosea hesabu, kuna mwezi wa ziada. Mwaka ulikwisha wiki tatu zilizopita."

Alifikiri. "Kwa hiyo siku ya bibi?"

"Nilikuwa huru."

"Na Jumatano?"

"Nilikuwa huru, Elemér."

"Jumatano nilikaa na simu ile hadi chaji ikaisha." Hakunigusa. "Wiki tatu umenitesa bure."

"Najua."

"Usiseme unajua hivyo. Nataka kukasirika kidogo."

"Kasirika."

Alijaribu, hakuweza. Akapumua. "Nimeshamwambia yule bwana hapana. Amenuna. Kisha akauliza keki zinauzwa wapi."

Nilikuwa naanza kucheka nilipomwona mama. Alisimama nje ya geti, kwenye njia ya watembea kwa miguu, amevaa gauni lake jeusi. Aliona tunakawia, akapanda tramu kuja kututafuta. Hakuingia ndani ya ua, maana bendi nyingine ilikuwa imeanza. Kwa sheria, mjane huomboleza siku thelathini tu. Mwaka huu wote mama alijiongezea mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Ármin alikuwa pembeni yake, masinia yote bado mikononi.

Nilikwenda. Elemér alinifuata.

"Nimesikia toka barabarani," mama alisema. "Wimbo niliutambua." Aliongea nami tu. "Siku tisa, Hédi. Hukuweza kumngojea baba yako siku tisa?"

Ármin alifungua mdomo. "Mama, kwa kweli mimi ndiye..."

Nilimfinya mkono chini ya masinia, kwa nguvu. Neno moja la mzee Mór lingeniosha pale pale. Kisha mama angehesabu, hakosi kuhesabu, angeifikia Kadishi. Lakini nisijisifu, halikuwa hilo peke yake.

"Sikuweza, mama," nilisema. "Na huyu ni Elemér. Jina lake unalijua."

Elemér aliinama. "Naubusu mkono wako, mama," alisalimia, kama tunavyofundishwa sote kuwasalimia wakubwa. Mama hakuutoa mkono. Alimtazama muda mrefu, kola ile, jasho, vijiti alivyosahau kuviweka chini.

"Ármin," alisema. "Nipeleke nyumbani."

Kaka yangu alinitazama, akanipa masinia moja moja kama anayenikabidhi mtoto, akamfuata.

"Kwa nini hukumwambia?" Elemér aliniuliza walipofika kwenye gari. "Neno moja tu, na usingekuwa na kosa."

"Angenisamehe kwa ajili ya kalenda," nilisema. "Nataka anisamehe kwa ajili yako."

"Na asiposamehe?"

Gari la Ármin lilikaa pale ukingoni mwa barabara, taa zimewashwa, injini inanguruma, muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga mkanda. Tulisimama tunaitazama milango yake. Kisha likaondoka.